Mtoto Aliyetafutiwa Mpaka

Kosa langu lilikuwa kaptula. Wenzangu hukosea mambo makubwa, wanaoa vibaya, wanauza shamba la urithi; mimi nilikosea nguo ya shule, tena ya mtoto wa jirani. Alikuja asubuhi na kipande cha kaki kwapani, akaniamkia vizuri, akasema, "Mama amesema unishonee kaptula." Nami fundi mzima, mwenye elimu ya sekondari na cherehani ya miguu, nikaamini.

Nilimjua tangu akibebwa mgongoni. Nilijua anakaa upande wa wasichana kanisani, anapanga mstari wa wasichana shuleni, na kwamba alipaswa kushonewa sketi. Lakini ilikuwa miaka ya shida. Duka la ushirika lilikuwa rafu tupu na karani aliyeketi katikati yake kama mlinzi wa hewa. Kitambaa kikitokea, huulizi maswali, unashukuru. Nikapima kiuno, nikapima paja, nikakata. Nikaweka mifuko miwili ya pembeni, na vifungo mbele kwa kuwa zipu zilikuwa hazipatikani, kisha nikakaa nyuma kuitazama kama mtu aliyejenga kanisa.

"Mama yako atafurahi," nilimwambia.

"Atafurahi pole pole," akajibu, akaondoka nayo mbio.

Niseme na habari zangu, maana nisiposema mimi watasema wao. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu ndiye aliyekuwa akishuka mjini Same na magunia ya tangawizi, akilala sokoni na kutukanana na madalali; mimi nilibaki kibarazani na cherehani yangu, makande yakichemka jikoni. Mlimani kwetu mwanamume wa namna hiyo hakosi jina. Bibi mmoja mjane, ambaye nyumba yake imekaa juu ya yangu kiasi kwamba akimwaga maji ya vyombo yanapita kwenye bati langu, alikuwa akinipigia kelele kila asubuhi, "Mama fundi! Makande yanaungua!" Nami humjibu, "Shikamoo bibi, nimeshapunguza moto." Tukaishi hivyo, kwa amani.

Amani hiyo iliisha siku pembe ya msaragambo ilipolia. Msaragambo ni kazi ya kijiji: pembe ikipigwa, kila nyumba inatoa mtu. Siku ile ilikuwa kuzoa matope kwenye ndiva, bwawa letu la kuhifadhia maji ya mfereji. Wanaume na wavulana wanaingia kwenye matope na majembe; wanawake na wasichana wanabeba mawe na karai. Mimi nilipewa chai. Nilikaa ukingoni na birika, nikilinda sukari guru.

Mtoto akaja na kaptula yangu. Akapita mstari wa wasichana kama anapita mti, akaingia matopeni na jembe begani. Wazee wakacheka. Akaanza kuchimba, na alichimba vizuri, na nadhani hapo ndipo palipoharibika, maana mtu akikuchekesha unamsamehe, lakini akikushinda kazi humsamehi. Wavulana watatu wakamzunguka.

"Vua! Hiyo si yako!"

"Kashonewa yule!"

"Mama fundi kamshonea mwenzake!"

Mkubwa wao akamshika kiunoni avute. Mtoto hakulia, hakuita mtu. Aligeuka na mpini wa jembe, ukamkuta yule mvulana kwenye taya, na nilisikia kutoka ukingoni, sauti kama ya mwanzi mbichi ukivunjwa gotini. Mvulana alianguka kifudifudi, na alipoinuka alikuwa anatema meno na matope pamoja. Wa pili alinyoosha mkono kuzuia, nao ukapata mpini. Wa tatu alikimbia, ndiye mwenye akili.

Kisha watu wazima wakaingia. Baba mkubwa wa mtoto, kaka wa baba yake, ndiye aliyefika wa kwanza, akampiga makofi mpaka damu ikamtoka sikioni. Mama mtu akaja kutoka mstari wa mawe na karai lake limejaa, akalimwaga lote miguuni mwa shemeji yake. Jamaa za yule mvulana wakamvamia mama. Jamaa za mama wakawavamia wao. Mchana ulipofika nusu ya ukoo ilikuwa inapigana ngumi ndani ya ndiva tuliyokuja kuisafisha, na mimi nilikuwa nyuma ya mti, birika limenimwagikia mguuni, napiga kelele, "Jamani, chai!"

Watani wetu Wachaga husema Mpare akijikwaa hushtaki jiwe, na jiwe likishinda anakata rufaa. Basi tukaenda barazani. Mshtakiwa wa kwanza, mtoto, kwa kuvunja taya. Mshtakiwa wa pili, mimi, kwa kushona kaptula bila ridhaa ya mzazi. Nilivaa koti langu la harusi.

Kesi ilikwama mapema. Wazee walitaka kujua kwanza kama ni msichana aliyempiga mvulana au ni mvulana aliyempiga mvulana, maana faini zake zilikuwa tofauti. Walibishana, wakapanda, wakashuka. Mwishowe mama wa mtoto akasimama, jicho moja limevimba limefunga.

"Alipozaliwa," akasema, "mkunga alimtazama, akamtazama tena, akanyamaza. Mwili wake haukusema waziwazi. Si wa kike kamili, si wa kiume kamili. Akaniambia tumwite msichana, msichana hana makuu, mengine Mungu anajua. Nilikuwa na homa, nikakubali. Tangu ajue kusema anasema yeye ni mvulana. Nimempiga. Nimemfunga kamba kwenye nguzo. Nimempeleka kuombewa. Haachi. Na mimi nimechoka kumpiga."

Waliokuwa wanatafuna miwa walitulia na makapi shavuni.

Aliyesema kwanza ni baba mkubwa. "Tuliambiwa msichana. Abaki msichana." Kila mtu pale alielewa. Kwetu mtoto wa kiume hupewa kipande cha shamba. Wa kike anaolewa, anakwenda kulima kwa wengine. Na mashamba ya ukoo ule yalikuwa yamegawanywa mpaka yakawa kama mikanda ya suruali. Baba mkubwa alikuwa na wana wake watano, na macho yake hayakuwa kwa mtoto hata kidogo, yalikuwa kwenye mteremko wa ndugu yake wenye migomba.

Wazee wakafanya wanalolijua. Mkigombea mpaka, wazee wanakuja kutafuta masale, ile mimea iliyopandwa na mababu kutenga shamba na shamba. Yakionekana, vizuri. Yasipoonekana, wanapanda mapya palepale, mnapeana mikono, kesi imekwisha. Wakaamua vivyo hivyo kwa mtoto. Apelekwe hospitali bondeni, daktari atazame mpaka uko wapi. Usipoonekana, aupande yeye kwa kisu chake.

Nataka niseme nilipinga. Sikupinga. Niliona ni hukumu ya busara sana, nikapiga makofi. Mtoto alikuwa ameketi kwenye vumbi, pamba sikioni, akinitazama napiga makofi.

Baba yake aliitwa kutoka shamba la mkonge huko tambarare, alikokuwa akikata mkonge na watu waliotoka kila pembe ya nchi. Alifika na mfuko begani, na kabla hajautua alikuwa amevua mshipi. Tulisikia ngazi tatu za matuta juu na chini. Mtoto hakupiga kelele, mshipi ndio uliopiga. Mama alipoingilia, alirushwa mlangoni akavunja kitasa kwa bega. Kisha jamaa akaja kwangu.

Nilimsalimia shikamoo, ingawa nimemzidi umri. Hofu haina hesabu ya miaka.

"Ulimpima mwanangu," akasema. "Ukaona nini?"

"Kiuno tu, ndugu yangu. Kiuno na paja la nje."

Alichukua rula yangu ya mbao akanipiga nayo mpaka ikakatika, kisha akamalizia kwa ngumi, na jino langu la mbele, lile la kuchekea, likaenda. Bibi wa juu akachungulia. "Mama fundi, umepata mgeni?" akauliza. Nilishindwa kumjibu, nilikuwa nalitafuta jino.

Tuliteremka kwa lori la tangawizi: baba, mama, mtoto, nami, kwa kuwa baraza lilinitaka niende kama shahidi. Zile kona za kushuka mlimani mnazijua wenyewe. Na nikaona jambo ambalo sijalisahau: kila lori lilipolala upande wa korongo, ile mikono ya baba, ya kukata mkonge, ilimkumbatia mtoto kwa nguvu, ikambana kifuani, na lori likinyooka ikamwachia, kama aliyejikuta ameshika kitu cha mtu. Si kwamba hakumpenda. Alimpenda, na hakujua amweke wapi.

Same ilikuwa imebadilika. Miaka ya ruksa, ya biashara kufunguliwa, ilikuwa imeingia huko kabla ya kutufikia sisi mlimani, sokoni kulikuwa na vilima vya mitumba, suruali za watu waliokufa Ulaya, nzuri kuliko zangu zote; nilipita pale kama mwenye msiba. Lakini hospitali tuliyokwenda, ambayo siitaji, ruksa ilikuwa haijafika. Ukija kupasuliwa unakuja na glavu zako na uzi wako. Muuguzi aliposikia mimi ni fundi cherehani alinitazama kwa matumaini.

Daktari alikuwa mtu wa kanda ya ziwa, mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi sikio moja. Alisikiliza kesi yetu yote, akamtazama mtoto chumbani pamoja na mama, akatoka anapangusa mikono.

"Rahisi," akasema. "Kesho kutwa napasua. Tutamfanya msichana, kukata ni rahisi kuliko kujenga. Kitabu ndivyo kinavyosema. Akiamka mwambieni alikuwa na uvimbe tumboni. Atakua, atasahau."

"Hatajua?" mama akauliza.

"Ninyi ndio mtamwambia. Msipomwambia, atajulia wapi?"

Baba akauliza aweke wapi dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Hakuna aliyemwuliza mtoto, na nasema hakuna nikijihesabu. Alikuwa ameketi kwenye benchi hatua chache tu kutoka tulipo, anatikisa miguu.

Siku ya kupasuliwa walimwambia anakwenda kupewa dawa ya minyoo. Watu wawili wakamlaza na kumshika miguu, baba akamshika mabega. Mama na mimi tulisimama mlangoni. Daktari alipoinama na sindano, mtoto akainua kichwa akamng'ata mkono, pale kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Hakumng'ata na kuachia. Aling'ata na kubaki. Damu ilishuka kwenye koti jeupe, ikadondoka sakafuni, na daktari msomi akatoa mlio ambao nimewahi kuusikia kwa nguruwe tu. Baba akampiga mtoto kofi la kichwa. Meno yakazama zaidi. Akampiga tena. Yakazama tena.

"We mzee, acha!" daktari akapiga yowe. "Ukimpiga yeye ananitafuna mimi!"

Baba akaacha. Wote tukatulia, tunahema, mkono wa daktari ukiwa bado mdomoni mwa mtoto. Hapo, kwa mara ya kwanza, akaulizwa. Nadhani daktari aliuliza ili apate mkono wake tu, maana mtu hawezi kujibu na mkono wa mtu mdomoni, lakini aliuliza.

"Mtoto. Unataka nini?"

Mtoto akaachia. Midomo myekundu. "Sitaki kukatwa. Siumwi."

"Nani kakwambia unakatwa?"

"Mlikuwa mnasema pale. Mimi si kiziwi. Sikio moja ndilo bovu."

"Wewe ni mvulana au msichana?"

"Mvulana."

"Umejuaje?"

"Wewe ulijuaje?"

Daktari akaketi kwenye kiti cha chuma, akaufunga mkono wake kwa shashi, akautazama muda mrefu damu ikipenya. Alipozungumza hakuwa anazungumza nasi hasa.

"Wale wengine," akasema, "waliletwa wachanga. Hawakuwa na meno."

Kisha akainuka. "Mzee, huyu haumwi. Haja ndogo anakwenda, anakula, anakimbia, anang'ata. Mimi nakata ugonjwa, sikati mashauri ya mashamba. Mrudisheni. Akikua aje kwa miguu yake aniambie anachotaka, au asije kabisa. Kidole chako nikipate nisikipate, sikati."

Baba alimpiga daktari kichwa usoni. Miwani ikaenda, pua ikaenda. Akalikumba kabati la vioo, lile la dawa ambazo hazikuwemo, akaliangusha, akaanza kulikanyaga kwa kandambili mpaka nyayo zikawa nyekundu. Walinzi wakaja na virungu. Walimpiga kwa utaratibu, mmoja akipumzika mwingine anaendelea, magotini, mgongoni, hata alipolala. Na aliyekuwa akilia chumba kizima kile, akiwavuta walinzi mashati, akisema, "Msimpige baba yangu, msimpige," ni yule mtoto.

Tukarudi na lori lilelile, baba amelala juu ya magunia matupu.

Baba mkubwa alikuwa anatungoja njia panda. Alisikiliza habari zote, akatema mate. "Daktari kashindwa? Ngariba hashindwi." Alikuwepo mama mmoja ng'ambo ya bonde aliyekuwa akitahiri wasichana, serikali ilikwisha kukemea, lakini serikali haipandi mlima kila siku. "Nimeshamwambia. Leo leo."

Mama wa mtoto hakungoja jibu la mumewe. Alimshika mtoto mkono akakata njia ya mkato, na mlango wa kwanza aliouona wazi ulikuwa wangu, kwa sababu mlango wangu huwa wazi, kwa sababu mimi niko nyumbani siku zote. Maneno ya njia panda niliyasikia baadaye; nilikuwa nimetangulia, nimeshawasha mkaa kwenye pasi ninyooshe sare za watu.

"Wafungie nje," akaniambia.

Nilifunga. Mlango wangu ni wa mbao za masanduku. Panga la baba mkubwa lilipita pigo la pili, mkono wake ukaingia kutafuta komeo, nami nikauwekea pasi juu yake. Sikufikiri. Ngozi ililia kama vitunguu kwenye mafuta, na harufu ile ilikaa ndani ya nyumba mpaka masika. Akauvunja mlango uliobaki kwa bega. Panga likashuka, nikainua mkono wa kushoto kama yule mvulana wa ndivani, mjinga kama yeye, na vidole viwili vikabaki vinaning'inia kwa ngozi. Pasi ikafunguka. Makaa yote yakammwagikia kifuani, ndani ya shati, akaanza kucheza ngoma ambayo haina jina, akijikung'uta, akigonga kuta, akaangukia cherehani na kuipasua kwa paji la uso, au cherehani ndiyo iliyompasua yeye.

Nyuma yake akaja baba mtu. Mama alikuwa na mchi. Alimpiga mumewe mkononi, mfupa ukakatika waziwazi, kila mtu aliusikia, akauinua tena amalizie kichwa. Baba hakuinua mkono mzima kujikinga. Alisimama tu, anamtazama mtoto aliyekuwa amejibanza kwenye kona na magwanda ya watu.

"Basi," akasema. "Mama, basi."

Akaketi chini palepale mlangoni. "Mpelekeni kwa mjomba wake huko juu. Akae huko na uvulana wake, asiguswe na mtu. Shamba langu sitampa." Baba mkubwa, ambaye alikuwa anazima shati, aliposikia neno la shamba alinyamaza kabisa, kama mtoto aliyepewa ziwa.

Mjomba mtu alikuwa ameshafika kwa kuzisikia kelele. Akambeba mtoto mgongoni, mkubwa vile, miguu inaning'inia, wakapandisha.

Sasa wazee wa baraza nao wakaja, wamevaa makoti, wakatukuta kibarazani tumepangwa kama mizigo: mimi na mkono wangu ndani ya kitambaa cha bitana, baba mkubwa anachuruzika damu usoni, baba mtu na mfupa umetokeza, mama anatema damu ambayo hakuna aliyejua ameipata saa ngapi. Wakaanza kubishana ni nani hapo mlalamikaji. Mmoja akashauri mtoto arudishwe kwanza, apelekwe hospitali nyingine, kubwa zaidi, ili jambo lipate ukweli wake. Wengine wakaitikia kwa vichwa, wakaona ni neno.

Bibi wa juu alikuwa amesimama ukingoni mwa tuta lake muda wote ule, na sufuria la maji machafu mkononi, anatuhesabu.

"Mtoto kaondoka hana hata tone la damu," akasema, "nyie wote mmelowa, sasa hospitali anapelekwa nani?"